Mwenyekiti wa zamani kagoma kukabidhi ofisi na muhuri, sasa mtaa una serikali mbili. Tufanyeje?

Mpangaji_Mwenza ameandika:

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Kuna ishu imenishinda naomba mwenye kujua sheria au aliyewahi kufanya kazi serikali za mitaa anisaidie, maana huku kitaani kila ninayemuuliza anajibu kwa mahaba ya upande wake.

Mtaa wetu upo pembezoni mwa Dar, sitautaja, humu najua kuna majirani. Mwenyekiti wetu alikaa toka uchaguzi wa Desemba 2014, akarudi 2019, na safari hii akachukua tena fomu. Oktoba kwenye kura za maoni za chama, CCM, akapigwa chini na kijana mmoja fundi aluminiamu. Mzee akadai waliopiga kura wengine sio wakazi, akakata rufaa hukohuko kwenye chama, ikagonga mwamba. Tarehe 27 Novemba 2024 kijana akapita, akaapishwa na wenzake, picha tukaziona kwenye grupu la WhatsApp, watu wakamwaga makopakopa na hongera. Tukajua yameisha.

Sasa shida ni kwamba ofisi ya mtaa wetu miaka yote ilikuwa ni fremu ya nyumba ya huyo mzee. Chumba cha mbele, benchi moja nje, mlingoti wa bendera umechimbiwa kwenye maua ya mke wake. Kijana kaenda pale na mtendaji wanakuta kufuli jipya na bendera imekunjwa imewekwa dirishani kwa ndani. Mzee kwa mdomo hajasema nagoma, anasema hakatai kukabidhi ila alipwe kwanza kodi yake ya pango ya miaka yote. Ndani kuna muhuri, daftari la wakazi, vitabu vya risiti, na kabati lenye mafaili ya watu walionunua viwanja toka enzi hizo.

Kijana akaona isiwe tabu, akaenda Kariakoo akachonga muhuri wake, anafanyia kazi kwenye kibanda cha mlinzi shirikishi. Kwa hiyo sasa hivi tuna mihuri miwili. Ukitaka kuwatofautisha, wa mzee umelika herufi ya kwanza, badala ya MTAA inasomeka TAA. Watu wazima bado wanaenda kwa mzee, wanasema kijana hawamjui. Na mzee anawagongea tu, tena kwa tabasamu!

Mimi imenigusa hivi. Mdogo wangu alikamatwa akiwa na bodaboda ya watu, nikaenda kuchukua barua ya utambulisho ili nimdhamini mahakamani, nikachukua kwa kijana maana ndiye aliyeapa. Karani kaiangalia, akafungua faili jingine akatoa barua nyingine ya mtaa huohuo, akaziweka pamoja mezani, akaniuliza huku kwenu wenyeviti mko wangapi? Nikarudishwa. Dogo kalala ndani siku nyingine kwa sababu ya muhuri.

Naombeni kujua, muhuri upi ndio halali, na nani hasa mwenye mamlaka ya kumwambia huyu mzee sasa basi? Maana tukienda chama wanasema hilo la serikali, tukienda serikalini wanasema malizaneni kwanza ndani ya chama.

---

Mtendaji_Mstaafu amejibu:

Marhaba kijana wangu. Nimekuwa mtendaji wa kata hapahapa Dar mpaka nilipostaafu kwa hiyo haya nakujibu kwa niliyoyashika.

Kwanza toa kichwani hilo wazo kwamba mwenyekiti wa zamani anamkabidhi mwenyekiti mpya. Wengi wanadhani ndivyo, na hapo ndipo fujo inapoanzia, maana inakuwa kama mume aliyeachwa aambiwe amfungulie mlango mume mpya na amwonyeshe pa kutundika shati. Kiserikali haiko hivyo. Uchaguzi huu TAMISEMI, yaani wizara inayosimamia serikali za mitaa, walitangaza mapema kabisa kwamba viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa wanakoma madaraka siku saba kabla ya siku ya kupiga kura. Sasa jiulize, toka siku ile mpaka wapya wanaapa, ofisi ilikuwa ya nani? Ya mtendaji wa mtaa. Huyo ni mwajiriwa wa halmashauri, hachaguliwi, yeye ndiye katibu wa kamati ya mtaa na katibu wa mkutano mkuu wa mtaa, nyaraka ziko chini yake hata mwenyekiti akiwa bado yupo. Mzee wenu alitakiwa awe ameshaacha kila kitu kwa mtendaji kabla kampeni hazijaanza kupiga spika, na kijana akishaapa avikute kwa mtendaji.

Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe nisingeuliza mzee kagoma kwanini, ningeuliza mtendaji wenu alikuwa wapi zile siku saba. Ukiona muhuri umebaki kwa mwenyekiti aliyemaliza muda, kuna mtendaji alikuwa anaona aibu kuuomba au alikuwa anakunywa chai palepale.

Makabidhiano yenyewe huwa ni karatasi. Inaandikwa hati, inaorodheshwa meza, viti, kabati, muhuri, daftari la wakazi, mihtasari ya vikao, orodha ya kaya maskini za TASAF kama mnayo, migogoro ambayo haijaisha, mkataba wa mzoa taka, na vitabu vya risiti KWA NAMBA ZAKE, vilivyotumika na ambavyo havijatumika. Anasaini anayetoa, anasaini anayepokea, mtu wa kata anashuhudia. Vijana wengi wanaoingia wanakimbilia muhuri na kiti, vitabu hawavigusi, halafu mwaka unaofuata mkaguzi wa ndani anakuja anauliza kitabu fulani kiko wapi, na aliyekaa kwenye kiti siku hiyo ndiye anayetoa jasho.

Muhuri wa mzee umekufa siku madaraka yake yalipokoma. Kuendelea kuugonga kwenye barua za serikali ni jinai, sio utani, mwambieni kwa heshima lakini mwambieni. Ila na huyo kijana wenu nae kuchonga muhuri kwa kuamua mwenyewe Kariakoo bila barua ya halmashauri amejitafutia maneno. Muhuri wa ofisi ya umma unachongwa kwa idhini.

Njia ni hii: mtendaji wa mtaa amwandikie mtendaji wa kata, wa kata ampelekee mkurugenzi wa manispaa, mkurugenzi amwandikie mzee barua yenye tarehe ya mwisho. Nakala kwa mkuu wa wilaya. Polisi waje mwishoni kabisa, kwa sababu mkianza na polisi mzee atageuka shujaa wa mtaa.

Kuhusu dogo wako, rudi kwa mtendaji, barua iwe na sahihi ya mtendaji na namba ya kumbukumbu pamoja na sahihi ya mwenyekiti. Karani akitaka kuhakiki atampigia mtendaji, na mtendaji yuko mmoja tu.

---

Chinga_Mstaarabu amejibu:

Serikali ya TAA 😂😂 nimecheka mpaka abiria mwenzangu kwenye daladala kanigeukia. Pole lakini kaka, hiyo ya dogo kulala ndani sio ya kuchekesha.

---

Mpangaji_Mwenza amejibu:

Mzee wangu asante sana, umenifungua. Mtendaji wetu ni dada mmoja kahamishiwa huku mwaka jana katikati, mgeni, mzee anamjua kila mtu na yeye hamjui mtu. Ukweli sio kwamba anakunywa chai, anaogopa. Sasa hivi hana ofisi, mafaili machache aliyonayo anatembea nayo kwenye mkoba, ukimhitaji unampigia simu anakwambia nikute pale kwa muuza genge. Juzi kamuandikia mtu barua juu ya ndoo ya nyanya.

Huko kata anasema ameshatoa taarifa kwa mdomo. Nitamwambia aandike.

---

Mama_Kitumbua amejibu:

Mimi nitamtetea huyo mzee wenu, mnichambe tu.

Marehemu mume wangu alikuwa mwenyekiti wa mtaa, sio huko kwenu. Alitoa chumba chetu cha mbele kiwe ofisi kwa sababu serikali ya mtaa haikuwa na hata ukuta. Tuliambiwa halmashauri italipa pango, fomu zikajazwa, namba ya akaunti ikachukuliwa, mpaka naongea na nyie sijaona hela. Chumba hicho ningepangisha ningekuwa napata hela kila mwezi.

Na mwenyekiti hana mshahara jamani, ana posho ya kufutia jasho na yenyewe inakuja ikijisikia. Lakini polisi wakitaka kupekua nyumba ya mtu saa nane usiku wanagonga kwa nani ili ashuhudie? Maiti ikiokotwa mtaroni anaitwa nani? Mke na mume wakipigana wanakuja kulia kwenye kiti cha nani? Mimi ndiye nilikuwa nachemsha chai ya wajumbe kila kikao, sukari yangu, mkaa wangu. Halafu siku akishindwa kura watoto wa juzi wanakuja na simu zinarekodi, toa muhuri mzee muda wako umeisha! Hakuna hata anayesema asante. Kijana wenu alifika pale na nani? Alipiga hodi kama mtoto wa mtaa au alikuja na kundi linaimba?

Nauliza kwa sababu kwetu ilitokea hivyohivyo, walikuja wanaimba, na mume wangu ambaye alikuwa ameshafunga boksi la nyaraka kwa gundi tayari kuzitoa, akalirudisha chini ya kitanda. Lilikaa pale mpaka shehe alipokuja kuongea nae.

Chumba ni chake, afunge tu. Ila karatasi sio zake, hapo namuona ana makosa. Atoe mafaili nje, kufuli libaki, na deni lake aandike barua halmashauri alidai kivyake.

---

Dalali_Msema_Kweli amejibu:

Mama hapo umeongea vizuri lakini umeruka penye nyama.

Mimi ni dalali wa viwanja hukohuko pembezoni na ninawaambia hakuna mtu anagombania posho wala pango. Kinachogombaniwa ni ASILIMIA KUMI. Mtu akiuza kiwanja cha milioni nane ambacho hakijapimwa wanaenda serikali ya mtaa kuandikishana, wanagongewa muhuri, na laki nane inabaki mezani. Wengine wanapunguza, wengine wanakaza. Hakuna sheria inayosema mwenyekiti wa mtaa achukue hiyo hela wala hana mamlaka ya kugawa ardhi mjini, Lukuvi akiwa waziri wa ardhi alilipigia sana kelele hili, lakini mnunuzi anaogopa kununua bila muhuri na muuzaji anaogopa kukosa mteja kwa hiyo wote wanalipa. Pembezoni kama huko kwenu viwanja vinauzwa kila wiki. Sasa wewe mwambie mtu aliyezoea hivyo toka 2014 akabidhi muhuri kwa fundi aluminiamu.

Lakini hilo nalo ni dogo. Nyie mnahangaika na barua za dhamana, mimi linalonitisha ni lingine. Mzee akibaki na muhuri wa zamani anaweza kukuandikia hati ya mauziano leo akaweka tarehe ya 2022. Nani atabisha? 2022 alikuwa mwenyekiti halali, sahihi ni yake kweli, muhuri ni wenyewe kweli, mashahidi wawili hawakosekani, mmoja ukute keshakufa. Na faili la kuthibitisha kama kiwanja kile kiliandikishwa au hakikuandikishwa liko kabatini kwake. Ana kalamu na ana kumbukumbu, vyote viwili. Utajenga nyumba yako, anakuja mtu na karatasi ya zamani kuliko yako imegongwa TAA.

Nimeshaona kesi ya namna hiyo baraza la kata walishindwa wakapeleka juu, mpaka leo tofali zimeota majani.

Kwa hiyo fanyeni hivi, kabla ya kugombana na mzee kuhusu ofisi, mtendaji atoe tangazo la maandishi kwamba muhuri wa aina hii mwisho wake tarehe fulani, abandike kwa kata, ampelekee na mwanasheria wa manispaa. Muhuri mpya uwe wa umbo tofauti kabisa, kama wa zamani ni duara huu uwe wa pembe. Na wote mlionunua viwanja humo, toeni kopi za hati zenu mzipeleke kata sasa hivi.

---

Kijani_Damu amejibu:

Dalali acha kuchafua watu. Sio wenyeviti wote wanachukua hiyo asilimia. Na hayo mambo ya chama yamalizwe kwenye vikao vya chama, sio humu mitandaoni.

---

Dalali_Msema_Kweli amejibu:

Sijasema wote. Nimesema wanaokataa kukabidhi.

---

Mzee_wa_Karimjee amejibu:

Vijana mnashangaa mtaa, mlikuwa wapi Jiji lilipokosa meya miezi na miezi?

Baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015 Ukawa, ule muungano wa vyama vya upinzani, walikuwa na madiwani wengi hapa Dar, ikawa wazi umeya wa Jiji unawaendea. Uchaguzi wa meya ukaanza kupigwa kalenda, leo haupo, kesho haupo. Tarehe 27 Februari 2016 watu wamejaa ukumbi wa Karimjee, ikatolewa karatasi ya zuio la mahakama, wapinzani wakapiga kelele kwamba hiyo karatasi ni feki, ukumbi ukageuka vurugu, uchaguzi ukaahirishwa tena. Mpaka tarehe 22 Machi ndio Isaya Mwita wa Chadema akachaguliwa. Yeye nae Januari 2020 akaondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, na ugomvi ukawa kwenye hesabu, theluthi mbili imetimia au haijatimia. Halafu Februari 2021 Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji yenyewe, Ilala ikapandishwa ikawa ndio Jiji. Walishindana kiti miaka mitano, mwisho kiti kikatolewa sebuleni.

Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa 2015, kuapishwa kwa wenyeviti wa mitaa waliotokana na uchaguzi wa Desemba 2014 kulikuwa na patashika hapahapa Dar, watu wanagombania nani aape. Kwa hiyo mzee wenu ameingia madarakani kipindi ambacho kila mtu alikuwa anajifunza kwamba ofisi inashikwa kwa nguvu.

Ila kuna tofauti moja naiona. Ule mvutano wote wa Karimjee, mshahara wa mfagiaji wa Jiji ulitoka, taka zilizolewa kama kawaida yake, kwa sababu mkurugenzi na watumishi walikuwepo, meya awepo asiwepo. Huku mtaani watumishi ni nani? Ni huyo dada na mkoba wake. Ndio maana mwenyekiti mmoja akinuna mtaa mzima unasimama.

---

Sauti_ya_Umma amejibu:

Mzee umesema yote ila umeruka kwamba 2019 Chadema walisusia, na 2024 wagombea wetu kibao waliondolewa kwenye fomu, CCM wakatangaziwa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Mkishamaliza wapinzani mnabaki kugombana wenyewe kwa wenyewe, na huo ugomvi hauna refa kwa sababu refa nae ana jezi. Angekuwa Chadema ndio kakataa kutoa muhuri saa hizi yupo mahabusu na FFU, wale polisi wa kutuliza ghasia, wamepaki pale kwa muuza genge.

---

Kijani_Damu amejibu:

Mmeanza.

---

Mpangaji_Mwenza amejibu:

Jamani naomba tusitoke nje ya mada, mjadala ukifungwa mtakuwa mmeniponza 🙏🏾

Ila Sauti hapo mwisho umenigusa, ni kweli kila mtu anaogopa kumgusa mzee kwa sababu kura zake ndani ya chama bado zipo na mwaka huu wa 2025 kuna uchaguzi mkuu. Diwani mwenyewe alikuja msibani akakaa katikati yao, huku mzee huku kijana, akasifia wali.

---

Mtu_wa_Pwani amejibu:

Nina kisa cha mji mdogo mmoja huku mkoa wa Pwani, sio mbali na Dar, labda kitawasaidia.

Mji mdogo hauna mitaa kama nyie, una vitongoji, na wenyeviti wa vitongoji ndio wanakaa wanamchagua mmoja wao awe mwenyekiti wa mamlaka ya mji mdogo. Sasa mwenyekiti wa mamlaka aliyekuwepo alishindwa kwenye kitongoji chake. Ukishindwa kitongoji huna hata mlango wa kuingilia kwenye kikao cha kugombea. Lakini yeye akaendelea kuja ofisini, asubuhi kabisa, anafungua, anakaa, anasema yeye ni mwenyekiti mpaka mwingine achaguliwe. Na wenyeviti wapya wakawa wamegawanyika pande mbili sawasawa kwa hiyo kikao cha kumchagua mwingine kikawa hakikamiliki, kila kikiitwa upande mmoja unapata udhuru. Mara msiba, mara homa, mara kaenda kuvuna.

Mtendaji wa mji mdogo wala hakugombana nae. Alifanya kitu kimoja, aliandikia halmashauri wakazifunga zile mashine za POS za ushuru wa soko na stendi ambazo vijana waliokuwa wanazishika ni watu wa mzee. Zikatoka mpya, zenye watumiaji wapya, na zinasoma moja kwa moja halmashauri. Asubuhi vijana wanaingia sokoni wanabonyeza, mashine inaandika mtumiaji hatambuliki. Wauza samaki wakaanza kuwacheka. Mzee alikaa ofisini kama wiki hivi, hakuna mtu anayeingia, hakuna mtu anamletea kitu, chai yenyewe akawa anaagiza kwa hela yake. Siku moja akaacha funguo kwa mama lishe akaondoka. Kikao kikatimia baada ya hapo, nadhani na zile homa ziliponea hukohuko.

Kwa hiyo msikimbilie kufuli. Tafuteni hela inapita wapi. Huko kwenu ulinzi shirikishi unakusanywa na nani?

---

Mpangaji_Mwenza amejibu:

Daah. Unakusanywa na mtoto wa dada yake mzee. Elfu tatu kila nyumba, na risiti anatoa, kumbe ni zile za vitabu vilivyobaki kabatini.

---

Mtu_wa_Pwani amejibu:

Basi umejijibu.

---

Mtendaji_Mstaafu amejibu:

Huyo wa Pwani ameongea kitu cha maana sana. Simamisheni hiyo michango kwa tangazo la mtendaji kabla ya kitu kingine chochote, na muiambie kamati ya mtaa yote, ni wajumbe watano na mwenyekiti, waitwe wakae hata kama ni kwenye hicho kibanda. Halafu muitishe mkutano mkuu wa mtaa, ajenda iwe taarifa ya mapato na matumizi ya kipindi kilichopita. Msiandike ajenda ya muhuri wala ya kukabidhi ofisi. Mkiandika mapato na matumizi mzee atalazimika aje na vitabu, au asije na kila mtu aone hajaja. Mtendaji wa kata awepo. Kama mna ushahidi wa hela kukusanywa kwa risiti za zamani, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana namba ya bure 113, lakini msiitumie kama fimbo ya kutishia watu, pigeni kama mnamaanisha.

Na mama Kitumbua ana hoja kuhusu heshima. Kabla ya mkutano, kijana aende kwa mzee, bila kundi, na mtu mzima mmoja mzee anayemheshimu.

---

Mpangaji_Mwenza amejibu:

Nawapa mrejesho wakuu. Kijana alienda na baba yake mdogo ambaye kumbe walisoma na mzee. Walikaa mpaka magharibi. Mzee katoa muhuri, katoa bendera, katoa daftari la wakazi. Mafaili ya viwanja anasema atayatoa siku ya mkutano mbele ya watu ili asije akasingiziwa kwamba kuna yaliyopungua. Vitabu vya risiti ametoa vingine, vingine anasema havioni, eti mvua ililowesha. Kodi yake mtendaji amemsaidia kuandika barua ya madai halmashauri. Fremu kashampangisha fundi simu.

Mkutano Jumamosi kwenye uwanja wa shule, mwalimu mkuu karuhusu. Dogo ametoka, barua ya mtendaji ilipokelewa.

Swali la mwisho, hivyo vitabu ambavyo havionekani kwenye hati tuviandikeje? Kijana anataka aandike vimeharibika kwa mvua yaishe.

---

Mtendaji_Mstaafu amejibu:

ASITHUBUTU. Akiandika vimeharibika ameshuhudia kitu ambacho hakukiona, na kwa sahihi yake. Mtendaji atafute kata au manispaa rejesta ya vitabu walivyopewa, apate namba za kuanzia na kuishia. Kwenye hati ziandikwe namba zote, na mbele ya kila kitabu ambacho hakipo yaandikwe maneno HAKIKUKABIDHIWA. Basi. Mzee asaini hapohapo, akikataa kusaini iandikwe amekataa kusaini, na mashahidi waweke majina yao.

---

Dalali_Msema_Kweli amejibu:

Na hayo mafaili ya viwanja Jumamosi msiyapokee kwa boksi. Hesabuni kurasa za kila faili mbele yake, pigeni picha, hata kama mtamaliza saa mbili usiku. Nendeni na maji ya kunywa na mtu mwenye simu yenye chaji.

---

Mama_Kitumbua amejibu:

Na mumpe mzee kiti cha mbele, chenye mto.